Binti yangu anacheza baleti na miundi inamuuma: aache kukimbia au aongeze mazoezi?

#1 MamaZawadi (Gungu, Kigoma)
Habari za jioni wadau. Binti yangu ana miaka 13, huu ni mwaka wake wa tatu kwenye baleti. Mtauliza baleti Kigoma imetokea wapi. Kuna dada alijifunzia Nairobi, akaolewa huku, anafundisha watoto 11 kwenye ukumbi wa kukodi pale Mwanga, siku tatu kwa wiki. Vioo hamna, piano hamna, muziki unatoka kwenye simu, na pa kushikilia ni bomba la maji lililofungwa kwenye nondo za dirisha. Lakini watoto wanacheza, na wangu akishaanza huwa namwangalia kama mtoto wa mtu mwingine.

Tatizo ni miundi. Mwezi wa pili huu analalamika, yote miwili lakini zaidi wa kulia. Mwalimu wake anasema chanzo ni mazoezi ya nje. Shuleni anakimbia mita 800, Jumamosi anaogelea ziwani na binamu zake, na kaka yake kamwanzishia kunyanyua madumu ya maji chumbani. Kwa maelezo ya mwalimu, kukimbia kunakaza misuli, kuogelea kunailegeza, kunyanyua vitu vizito kunanenepesha mapaja, na mcheza baleti anatosheka na darasa lake. Kocha wa shule naye anasema mtoto ana miguu dhaifu, apandishe milima zaidi. Wiki iliyopita tumempiga eksirei, tukaambiwa mfupa hauna kitu, tukapewa dawa za maumivu.

Nimsikilize nani? Mtoto analia, na wala haulilii mguu, analilia kukosa darasa.

#2 KijanaMwandiga
Pole mama. Ila tujiulize, ngoma zote hizi za nyumbani tumeziona ndogo mpaka tukachukue ya Warusi? Angecheza ngoma ya Kiha asingeumwa muundi.

#3 MzeeLeningrad
Kijana, baleti haikuanza kwa Warusi. Ilianzia kwenye majumba ya watawala wa Italia, ikahamia Ufaransa, na mwaka 1661 mfalme Louis wa 14 akaianzishia chuo cha dansi. Ndiyo maana majina ya hatua ni ya Kifaransa mpaka leo, plie, releve, tandyu, hata ukijifunzia Japani. Warusi walipata shule yao St Petersburg mwaka 1738, na aliyeianzisha alikuwa Mfaransa.

Nilisoma uhandisi mji huo huo, enzi hizo ukiitwa Leningrad, miaka ya 80. Tikiti za roshani ya juu kabisa zilikuwa bei ya mkate, nikawa nakwenda. Nilifahamiana na mwanafunzi mmoja wa baleti. Alikatazwa kuteleza kwenye barafu, alikatazwa mbio ndefu. Alisimulia kwamba mwaka wa kwanza walisimama wakilitazama bomba, hatua moja ile ile, polepole, wiki nzima. Kwa hiyo huyo mwalimu wa Mwanga hajabuni kitu, hiyo ni mila ya zamani ya fani yao. Usahihi wake waseme wataalamu.

#4 KochaBangwe
Mila hiyo ya zamani, Mzee, ndiyo inayowamaliza watoto. Darasa la baleti lina kusubiri kwingi. Bombani kidogo, subiri zamu, vuka ukumbi kwa kuruka, subiri zamu. Moyo unapanda na kushuka, haukai juu. Siku ya onyesho anatakiwa acheze dakika tatu mfululizo: pumzi inakata, mguu unachoka, na mguu uliochoka unatua vibaya. Chuo Kikuu cha Wolverhampton, Uingereza, kina watafiti waliofuatilia wacheza dansi kwa miaka mingi, na msimamo wao ni kwamba darasa peke yake halimjengei mtu pumzi na nguvu anazohitaji jukwaani. Aongeze mazoezi, asipunguze.

#5 FundiPapi
Mama, sakafu ya huo ukumbi ni ya nini?

#6 MamaZawadi
Saruji, juu marumaru.

#7 FundiPapi
Basi mbona tumeshamaliza? Mnahangaika na mbio na madumu, mtoto anaruka juu ya jiwe siku tatu kwa wiki. Sakafu ya dansi inatakiwa iwe na nafasi chini, ibonyee kidogo mtu akitua halafu imrudishe. Nimewahi kujenga jukwaa la namna hiyo kwa kwaya moja: papi safu mbili zilizopishana kama wavu, chini ya kila makutano kipande cha mpira wa tairi, juu plaiwudi ya milimita 18. Walikuja kuniambia migongo imepona.

#8 NgomaTabora
FundiPapi umesema kweli tupu. Nimecheza ngoma za Kinyamwezi miaka ishirini na zaidi. Tulikuwa tunacheza chini, udongoni, na udongo unameza kishindo. Tulipoanza kuitwa kwenye mahoteli na kumbi za mikutano ndipo magoti yakaanza kusema. Saruji haimezi, inakurudishia chako chote.

#9 KijanaMwandiga
Si ndicho nilichosema bandiko namba 2? Ngoma ya nyumbani haina madhara.

#10 NgomaTabora
Hapana mdogo wangu, usinitie maneno mdomoni. Goti langu la kushoto limekwisha na ni ngoma ya nyumbani iliyolimaliza. Watazame wapiga ngoma wa Burundi, wale ambao sanaa yao iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014, mmekuwa nao hapo Kasulu makambini. Yule anayeruka mbele ya ngoma kuu anapanda mpaka kifuani pa mtu. Huruki hivyo ukiwa umekaa bure wiki nzima. Wale wanalima, wanabeba, wanapanda milima. Mazoezi ya nje walikuwa nayo, hawakuyaita mazoezi.

Na wasichana wetu wana kitu kingine, kubeba ndoo kichwani. Shingo imenyooka, mbavu zimetulia, kiuno kinatembea chini. Nimesoma kwamba kuna wataalamu walipima wanawake wa Kiluo na Kikuyu, Kenya, majibu yakachapishwa mwaka 1986: walibeba mzigo kichwani hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu ya ziada. Mwalimu wa baleti anatafuta mgongo wa namna hiyo kwa miaka. Mama Zawadi, mwache abebe maji.

#11 MnyooshaViungo
Naomba niingie, nafanya kazi ya fiziotherapia Tabora.

NgomaTabora, utafiti huo upo, ila waliopimwa walikuwa watu wazima waliobeba tangu utotoni, na kilichopimwa ni nguvu mwili unayotumia, mifupa haikuguswa. Asilimia 20 ya mtoto wa kilo 38 haifiki kilo 8. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ni kilo 20. Hapo umempa zaidi ya nusu ya uzito wake.

Sasa muundi. Mama, kaa naye kitandani, kwa kidole kimoja pita ukibonyeza ukingo wa ndani wa mfupa kuanzia chini ya goti kwenda chini. Maumivu yakitawanyika sehemu ndefu, upana wa kiganja au zaidi, hasa theluthi ya chini, mara nyingi ni mfupa na utando wake vimechoshwa na kuvutwa na kugongwa. Hilo linatulia mzigo ukipunguzwa. Lakini akishtuka ukigusa sehemu moja tu, ndogo kama sarafu, au maumivu yakimwamsha usiku, au akishindwa kuruka kwa mguu mmoja mara tatu, tuwaze ufa mwembamba wa mfupa. Na hapa nisisitize: eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haionyeshi ufa wa namna hiyo. "Mfupa hauna kitu" maana yake ni kwamba picha ile haikuonyesha kitu. Dawa ya maumivu inamfanya arudi kuruka juu ya ufa akiwa hausikii.

Kuhusu mwalimu na kocha, kila mmoja ana kipande. Imani kwamba nguvu zinanenepesha mapaja haina msingi kwa mtoto huyu. Wapo wacheza baleti wa kulipwa waliopewa mazoezi ya nguvu za mapaja huku wakipimwa, wakapata nguvu, mapaja hayakuongezeka. Lakini kumwongezea milima mtu mwenye muundi unaouma ni kumwaga petroli.

Jambo la tatu hamjaligusa. Kwenye baleti miguu inageuzwa nje, na inatakiwa igeukie nyongani. Mtoto akitaka nyayo zifanye mstari mmoja wakati nyonga yake hairuhusu, ataazima kwenye goti na kwenye kifundo. Unyayo unalalia ndani, na deni linalipwa na muundi. Mwambie asimame nafasi ya kwanza, yaani visigino vimegusana na nyayo zimegeuzwa nje, bila viatu, umtazame kwa nyuma. Visigino vikiinama kuelekea ndani na upinde wa unyayo ukipotea, analazimisha.

#12 KochaBangwe
Nakubali la milima, nimelirudisha. Ila la pumzi silirudishi.

#13 MnyooshaViungo
La pumzi uko sahihi kabisa, na mimi nimo upande wako. Swali ni anaipata wapi bila kugonga chini.

#14 MvuviKatonga
Ziwani! Aache vyote, abaki na kuogelea. Maji yanambeba, pumzi inapanda, miundi inapumzika.

#15 NesiUjiji
MvuviKatonga, ziwa letu nalipenda, ila kichocho kipo. Konokono wanakaa kwenye maji tulivu yenye majani pale pale ufukweni ambapo watoto wanachezea na akina mama wanafulia. Mtoto anayeogelea kila Jumamosi akapimwe mkojo na choo, akikutwa nacho atapewa prazikwanteli, inatibika. Kichocho cha muda mrefu kinapunguza damu, na mtoto mwenye damu kidogo utamwona anachoka darasani mkasema ni mvivu.

#16 MnyooshaViungo
Naongezea kwa NesiUjiji. Kuogelea kunafaa kipindi hiki cha maumivu, ila aepuke mtindo wa chura, ule wa kupiga miguu kwa kuitanua, unasukuma goti upande ule ule ambao baleti inausukuma. Na maji hayajengi mfupa. Mfupa unataka kugongwa kwa kiasi ili ukomae, na umri huu ndio wake: miaka miwili ya kurefuka kwa kasi mtu hujenga karibu robo ya mfupa atakaokuwa nao ukubwani. Kumwondolea kuruka moja kwa moja ni kosa kama kumzidishia.

#17 KijanaMwandiga
Kwa hiyo aruke au asiruke? Kila mtu ana lake.

#18 BintiKasulu
Nimesoma kimya tangu bandiko la kwanza. Acha niseme langu.

Nilicheza baleti Nairobi miaka minne, niliondoka nyumbani na miaka 16. Nilikuwa nachelewa kwa miaka mingi nikilinganisha na wenzangu, kwa hiyo nilijaza kila saa. Asubuhi nakimbia, mchana darasa, jioni jimu, usiku kamba. Hakuna aliyenilazimisha. Nikaanza kupunguza chakula kwa sababu kwenye kioo niliona kiuno changu peke yake. Siku zangu zikakata miezi saba. Niliwaambia wenzangu, wakasema hongera, maana yake unafanya kazi. Mwezi wa nane mfupa wa pili wa unyayo ukapasuka nikiwa natua kutoka mruko wa kawaida kabisa, mruko wa watoto.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2014 iliupa jambo hili jina, upungufu wa nishati kwa mwanamichezo. Mwili ukipewa chakula kidogo kuliko kazi, unachagua cha kuzima. Unazima hedhi, unaacha kukarabati mifupa, mtu anaumwaumwa hovyo. Sakafu hata ingekuwa ya manyoya ungepasuka.

Mama Zawadi, sikujui, lakini nakuomba umtazame sahani. Ameshavunja ungo? Kama ameshavunja, siku zinakuja? Anakula mbele yenu au anabeba chakula chumbani?

#19 MamaZawadi
BintiKasulu umenigusa. Bado hajavunja ungo, wa kwetu tunachelewa. Ugali alianza kuukataa kama miezi mitatu hivi, nikadhani ni mambo ya ukuaji. Anasema ugali wa muhogo unampa tumbo. Samaki anakula.

Na nimembonyeza kama MnyooshaViungo alivyoelekeza. Kushoto maumivu yametawanyika. Kulia kuna sehemu moja nikigusa anavuta mguu. Kama shilingi mia.

#20 MnyooshaViungo
Mama, hapo kulia simamisha. Kuanzia leo asiruke, asikimbie. Anatembea kawaida, akichechemea, mtafute mkongojo. Mrudishe hospitali, mwombe daktari wa mifupa, mweleze kwa maneno haya haya: maumivu sehemu moja, mwezi wa pili, anaruka, eksirei ya kwanza haikuonyesha. Eksirei ya pili baada ya muda mara nyingine inaonyesha mfupa ukijitengeneza. Ikibidi kipimo kikubwa zaidi, mtaelekezwa.

#21 NesiUjiji
Na chakula asikichukulie kama adui. Muhogo peke yake hauna protini ya maana, hilo kweli. Lakini dagaa wetu huliwa na mifupa yake, hiyo ni kalsiamu kamili, weka maharage, weka mawese. Migebuka ikiwa bei mbaya, dagaa wanatosha.

#22 MvuviKatonga
Dagaa wenyewe bei yake wiki hii msiulize.

#23 KijanaMwandiga
Mimi nasema ni vile viatu vya mbao. Nimeona video, wanasimamia kucha kabisa, ndani kuna kipande cha mbao na chuma. Nani asiumwe?

#24 BintiKasulu
Hakuna mbao wala chuma, mdogo wangu. Ile ncha ni matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyogandishwa kwa gundi, na chini ya unyayo kuna ubao mwembamba wa ngozi au kadi ngumu. Vinachakaa, wa kulipwa anaweza kumaliza jozi kwa onyesho moja. Ila mtoto havai kwa sababu tu amefikisha umri. Kwa kawaida si kabla ya miaka 11 au 12, na awe amejifunza miaka kadhaa, na nguvu ziwepo. Mwalimu wangu alikuwa anakuhesabia: mguu mmoja, bila kushika kitu cha kukubeba, panda kwa vidole ushuke, mara ishirini na zaidi, kisigino kikipanda juu ile ile ya mara ya kwanza. Ukiyumba, rudi ukae.

#25 MwalimuMwanga
Jioni njema. Mimi ndiye mwalimu wa huyo mtoto, nimetumiwa kiungo cha uzi huu na mzazi mwingine. Sijakasirika.

Nilisema aache kukimbia kwa sababu anakuja darasani amechoka, Jumatatu na Jumatano anatoka mbio moja kwa moja hajala. Maneno ya misuli kukaza na mapaja kunenepa ndivyo nilivyofundishwa mimi, na aliyenifundisha ndivyo alivyofundishwa. Nimesoma hapa na nitayafikiria. Sakafu FundiPapi yuko sahihi, naijua, naikodi kwa saa, siruhusiwi kupigilia hata msumari. Ndiyo maana kwangu miruko ni dakika kumi mwishoni, na wakitua visigino lazima viguse chini kabla ya kuruka tena.

Sasa swali langu kwa mama. Viatu vya kusimamia vidole sijampa mtoto yeyote. Mbona majuzi vidole vyake vikubwa vyote viwili vilikuwa na malengelenge?

#26 KochaBangwe
Haya.

#27 MamaZawadi
Nimerudi. Vilikuwa chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa sare. Shangazi yake wa Nairobi alimletea Desemba, wakakubaliana isiwe habari. Usiku tukilala anasimama akishika kitanda, sakafu ya chumba ni saruji pia. Anasema ni nusu saa, mdogo wake anasema ni zaidi.

Sikumchapa. Nilikaa naye tukalia wote.

#28 MnyooshaViungo
Umefanya vizuri. Viatu hivyo vinaweza kuwa chanzo, na vinaweza kuwa jambo jingine tu lililoingia juu ya mengine. Muundi wa mbele na ndani unabeba zaidi miruko na mbio. Viatu vile huanza kusumbua nyuma ya kifundo, vidole na mifupa ya unyayo. Ndiyo maana siridhiki kusema tumepata mchawi.

#29 FundiPapi
Mimi bado nasema sakafu. Sasa ni sakafu mbili, ya ukumbini na ya chumbani.

#30 BintiKasulu
Na mimi bado nasema sahani.

#31 MwalimuMwanga
Na urefu wake je? Tangu Oktoba nimemsogeza mstari wa nyuma. Miguu imerefuka mbele ya nguvu zake. Alikuwa anazunguka mara mbili safi, sasa moja inamshinda, ananuna, anadhani amesahau. Watoto wote wa umri huu wanapita hapo, kiwiliwili kinabadilika kila mwezi na mwili unajifunza upya.

#32 MamaZawadi
Ni kweli, sketi ya shule nimeishusha pindo mara mbili mwaka huu.

#33 MzeeLeningrad
Nauliza kwa nia ya kujifunza. Kama darasa halitoshi na kukimbia kumezuiwa, hao wa nje wanafanya nini? Zamani zetu nilisikia habari za Pilates.

#34 KijanaMwandiga
Pilato? Yule aliyenawa mikono?

#35 BintiKasulu
Umenichekesha usiku huu. Joseph Pilates, Mjerumani, alizaliwa 1883. Alihamia New York akafungua chumba cha mazoezi, na watunzi wakubwa wa dansi wa huko, akina George Balanchine na Martha Graham, wakawa wanampelekea wacheza dansi wao walioumia. Mazoezi yake mengi ni ya kulala chini: tumbo, kiuno, nyonga, bila kugonga muundi. Mkeka tu na nafasi ya kulala.

Mimi nilipopona nilirudi kwa mpango huu, na ningeujua mapema. Nguvu mara mbili kwa wiki, si siku ya miruko mingi. Kuchuchumaa na kuinuka miguu ikiwa sambamba, maana baleti inatugeuza nje mchana kutwa na misuli ya upande mwingine inasahauliwa. Kulala ubavu na kufungua goti kama chaza linavyofunguka, ili nyonga ndiyo igeuze. Kupanda kwa vidole polepole, mguu mmoja mmoja. Kampuni ya baleti ya taifa ya Australia wameliweka hilo kuwa kazi ya kila siku mahali pa kuvuta vigimbi. Pumzi kwenye baiskeli. Kujinyoosha kwa kuvuta muda mrefu niliacha kufanya kabla ya kuruka, mguu uliovutwa dakika nzima unapoteza mfyatuko kwa muda. Navuta mwishoni, mwili ukiwa na moto.

#36 NgomaTabora
Hilo la mwisho wazee wetu walilijua. Hakuna aliyejinyoosha, ngoma ilianza polepole tu, nusu saa ya kutembea kwa mdundo, kabla hujaona mtu anaruka.

#37 KochaBangwe
Baiskeli Kigoma hii ya vilima? Atapata mapaja ya bodaboda.

#38 BintiKasulu
Barabara ya Ujiji iko tambarare vya kutosha, kocha. Na mapaja ni yake.

#39 KijanaMwandiga
Nimekaa nikafikiri. Bandiko langu la 2 niliandika haraka. Nilimtafuta kijana wa Lagos aliyeonekana duniani kote mwaka 2020 akicheza baleti kwenye mvua bila viatu, juu ya saruji ya maji. Halafu nikamwona Joel Kioko wa Nairobi, katoka mtaa wa mabanda mpaka shule ya English National Ballet London. Kumbe na wanaume wamo. Yule Mmarekani mweusi, Misty Copeland, alianza na miaka 7?

#40 BintiKasulu
Miaka 13. Umri wa Zawadi. Na mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufikia daraja la juu kabisa American Ballet Theatre. Kabla ya hapo miundi yake ilipata nyufa, si ufa mmoja, akafanyiwa upasuaji akarudi. Usisahau na Michaela DePrince, yatima wa vita vya Sierra Leone, aliyecheza mpaka kampuni ya taifa ya Uholanzi, akafariki 2024 akiwa na miaka 29.

#41 NgomaTabora
Na Bagamoyo msiisahau. Chuo cha Sanaa kipo tangu 1981, siku hizi TaSUBa. Akikua akapande treni hapo Kigoma, apite kwetu Tabora tumpungie. Atakutana na ngoma, sarakasi na dansi za kisasa chini ya paa moja, na mwili wake utafundishwa mambo mengi, siyo jambo moja.

#42 FundiPapi
Mwalimu, hukatazwi msumari. Nakutengenezea vipande vya kubeba, futi nne kwa nane, vinaungana kwa ndoano, mkimaliza mnavisimamisha ukutani. Mipira ya tairi ninayo. Juu tunatandika kapeti la plastiki kwa upande wa nyuma, lisiteleze. Nipe vipimo vya ukumbi, wazazi changeni plaiwudi, kazi yangu siwatozi.

#43 MwalimuMwanga
Hatua 12 kwa 9. Kesho nitapima kwa futi. Mungu akubariki kaka.

#44 KijanaMwandiga
Mwalimu, wavulana mnapokea? Mdogo wangu ana miaka 10, kutwa anaruka juu ya masofa.

#45 MwalimuMwanga
Ninao wawili, mlete. Aje amekula.

#46 MamaZawadi
Tumetoka hospitali. Daktari wa mifupa amembonyeza pale pale, amesema anashuku ufa lakini hawezi kuapa, eksirei tutarudia baada ya wiki mbili. Wiki sita hakuna kuruka wala kukimbia. Kipimo cha kichocho tumeacha, majibu Ijumaa. Damu iko chini kidogo. Nilimuuliza daktari chanzo, akaniuliza mimi yote mliyoniuliza nyie, akaandika yote.

Viatu nimemkabidhi mwalimu avitunze mpaka atakapoona vinafaa. Jana Zawadi alikwenda darasani akakaa ukutani kuwahesabia wenzake. Amerudi na swali, anasema nimuulize yule wa Tabora: mikono je, anaruhusiwa?

#47 MnyooshaViungo
Mikono anaruhusiwa. Aketi kwenye kiti, miguu yote miwili chini, mgongo usiguse kiti. Afanye darasa zima hivyo.